Kompyuta Iliyopimwa kwa Mkono

Dada yangu alipopunguzwa kazini alibaki na vitu viwili: kasi ya kupiga chapa bila kuangalia vidole, na kiinua mgongo. Miaka ile mashirika ya umma yalikuwa yakiuzwa moja baada ya jingine, na lile alilolitumikia lilipata mwenye mali mpya ambaye hakuona haja ya kuwa na wapiga chapa sita. Alikodi chumba Utemini, mjini Singida, akaweka meza na viti viwili, kisha akaja kwangu. Alitaka kompyuta moja na printa. Fedha zake zilitosha kununua mara moja tu. Kompyuta ikifa, alisema, atarudi Shelui kumsaidia mama kuuza kuku kwa madereva wa malori. Alilisema kama mtu anayetaja ratiba ya basi.

Mimi nilikuwa fundi wa redio. Kompyuta nilijifunza peke yangu, kwa mashine moja iliyokufa niliyopewa na ofisi iliyokuwa ikifungwa, na kitabu cha Kiingereza nilichokisoma nikiwa na kamusi pembeni. Nilichora kila kipande mahali kilipokaa, nikakitoa, nikakirudisha kwa kufuata mchoro. Nilirudia hadi sikuhitaji mchoro. Mashine ile haikuwaka kamwe, lakini nilijua imekufa wapi.

Duka la kompyuta mjini lilikuwa moja, karibu na stendi. Mwenye duka, kijana mwenye miwani, hakuuza mashine za majina makubwa. Aliagiza vipande kutoka Dar es Salaam, vikaja kwa basi, akaviunga mwenyewe ndani ya kasha jeupe lisilo na maandishi. Kasha hilo watu waliliita sipiyu. Kioo ndicho walichokiita kompyuta, na wapo walionunua kioo peke yake wakaenda nacho nyumbani.

Nina utaratibu wangu: bei naiuliza mwisho. Mtu akishaisikia, kila anachokiona baadaye anakitazama kwa jicho la bei hiyo. Lakini kabla sijatoa daftari mfukoni, dada alikwisha kulinyanyua kasha kutoka mezani. Alilishika kwa mikono miwili, akalipandisha na kulishusha mara mbili, huku ameinamisha kichwa kidogo. Namna hiyo hiyo mama alimpima kuku: unamnyanyua, unasikiliza mkono wako, ndipo unabonyeza kifua kwa dole gumba.

"Hii ina nyama," alisema.

"Dada, liweke chini."

"Nitaliweka. Wewe soma daftari lako."

Kisha akaniambia kwa Kinyiramba, lugha ya kwetu, ili mwenye duka asielewe, kwamba kijana huyu ana macho ya mwizi wa kuku.

Kijana alikuwa akifuta kioo kwa kitambaa. Hakugeuka. "Mama, na mimi kwetu Kiomboi," alisema. "Ila kuku sijawahi kuiba. Niliwahi kuibiwa."

Dada alicheka mpaka akakaa. Alimwomba radhi, na kijana akamwamkia upya, shikamoo ya pili, kwa Kinyiramba safari hii. Mimi niliendelea na kazi. Niliiwasha mashine. Kibandiko kilisema memori ni megabaiti sitini na nne. Kioo kikahesabu chenyewe na kufika hapo hapo. Niliandika aya moja, nikaihifadhi, nikazima, nikawasha, nikaikuta. Niliiacha ikiunguruma kwa saa nzima na kuweka mgongo wa mkono nyuma ya feni. Hewa ilikuwa ya vuguvugu. Nikaomba bisibisi.

"Unafungua?" aliuliza kijana.

"Nafungua."

Alinipa bisibisi. "Fungua, fundi. Utakuta kitu, usishtuke."

Chini ya kasha, karibu na mguu wa mbele, kulikuwa na bamba la chuma la ukubwa wa daftari la shule, nene kama kidole, limefungwa kwa skrubu nne. Halikuunganishwa na waya wowote. Nilimwangalia. Nilikuwa tayari kufunga daftari na kuondoka. Mtu aliyedanganya kwenye uzito, nilifikiri, amedanganya kwingine pia. Sokoni Shelui, kuku aliyeshindiliwa pumba na maji asubuhi huwa mzito hadi mchana.

"Za kwanza niliuza bila chuma," alisema kijana. "Tuseme nilijaribu kuuza. Mtu ananyanyua, anasema hii tupu, anaondoka. Mzee mmoja aliitikisa sikioni kama yai. Kuna mwalimu alinunua, akarudisha baada ya siku mbili, haina ubovu wowote, ila mke wake kasema ni nyepesi. Ningefanyaje?"

"Umekiingiza kwenye bei?"

"Hicho zawadi."

Nilimuuliza bei ya kila kipande kikiwa peke yake, nikaandika, nikajumlisha, ndipo nikauliza bei ya mashine nzima. Kilichozidi kilikuwa nauli ya basi na kazi ya mikono yake. Niliona ni haki. Nikakitoa chuma na kumwambia dada anyanyue tena.

Alinyanyua. "Sasa sitaki."

"Ni mashine ile ile."

"Najua ni ile ile. Sitaki."

Nilitaka kumweleza kwamba thamani ya kompyuta haiko kwenye uzito, na nilianza kumweleza, huku nikimtajia kipande kimoja kimoja na kukigusa. Nilipofika kwenye kisanduku cha kuingizia umeme, ambacho mafundi hukiita pawasaplai, nilikitoa na kukishika mkononi. Kilikuwa chepesi kama kopo la maziwa lililokwisha. Ndani ya kisanduku kizuri mna shaba iliyosokotwa na mapezi ya alumini, na hivyo vina uzito. Mimi, kwa daftari langu lote, sikuwa nimeandika popote kwamba kipimwe uzito. Na umeme wetu ulikuwa ukikatika na kurudi kwa kishindo mara kadhaa kwa wiki, kishindo kinachounguza kisanduku chepesi.

Juu ya rafu kijana alikuwa na kingine, kilichotolewa kwenye mashine kuukuu ya ofisi. Plagi zilifanana, matundu ya skrubu yalifanana. Nilimpa dada vyote viwili, kila mkono kimoja. Alikirudisha chepesi mezani.

Kijana alitubadilishia bila kuongeza bei. Tulikijaribu kwa saa nyingine nzima.

"Na chuma changu?" dada aliuliza tulipokuwa tukifunga maboksi.

"Mama, chuma cha nini tena?"

"Si ulisema zawadi?"

Kazi yake ya kwanza ilikuwa mitihani ya shule ya msingi. Siku hiyo umeme ulikatika mara mbili na kurudi, na feni ikazunguka kila uliporudi. Upepo wa Singida uliingia dirishani kama kawaida yake, lakini karatasi zilitulia chini ya lile bamba. Wateja wengine, wakisubiri, walilinyanyua kasha upande mmoja kwa siri, na dada, bila kuacha kupiga chapa, aliwaambia chuma chake kiko mezani.