Tairi Lisilo na Mpira wa Ndani

Watu wa Kisangani wanaijua baisikeli. Toleka, baisikeli zetu za abiria, zinabeba wagonjwa, magunia ya makaa, hata bibi harusi na shela lake. Lakini baisikeli ya gurudumu moja, isiyo na usukani wala breki, waliiona kwangu tu, na wengi waliamini nimeuza gurudumu la mbele ili nile. Niliichezesha kwenye harusi na sikukuu za watoto. Nilikuwa hodari, na sioni kwa nini niwe mnyenyekevu. Ila uhodari haujazi sufuria.

Mke wangu alivumilia, akavumilia, halafu akachoka. Tonton wake, mjomba wa Kindu, alimtumia ujumbe: aje na watoto, nyumba ipo, shamba lipo. Siku moja akaniambia huku anatwanga pondu, yale majani ya muhogo, wala hakupaza sauti:

"Papa ya batoto, patron wa ile salle anatafuta mutu wa kuchezesha batoto kila dimanche. Akikupa kazi, tunabaki. Akikatala, miye nitavuka mto mpaka Lubunga na batoto, tutakamata train."

Alichosema ndicho alichomaanisha. Namjua.

Patron, mwenye ukumbi wenye sherehe za watoto kila Jumapili, alitaka kunitazama kesho yake mchana, kwenye ngazi za mlangoni. Na ngazi ndiyo mchezo wangu mkubwa: ninazipanda kwa kuruka, nimekaa juu ya gurudumu. Shida ni kwamba kila nikitua, uzito wangu wote unaangukia mahali pamoja, ringi inaubana mpira wa ndani na kuutoboa. Wangu ulikuwa viraka juu ya viraka, usingemaliza hata ngazi mbili. Sokoni nilizunguka kote. Saizi ile haikuwapo.

Mfa maji haachi kutapatapa. Nikakumbuka video niliyoonyeshwa na kwado, fundi wa matairi wa mtaani kwetu. Wazungu wanautoa mpira wa ndani kabisa. Wanaziba matundu ya spoki, wanamimina kwenye tairi kitu kama maziwa, nacho kinazunguka humo na kuziba kila panapovuja. Na maziwa yenyewe, fundi aliniapia, yanatoka kwenye mti wa mpira. Miti ya mpira! Sisi tuna mashamba ya zamani yaliyotelekezwa mpaka tumbili wameyafanya kwao. Alfajiri nikapanda toleka, nikaenda kuchanja magome, nikarudi na chupa imejaa.

Ringi ilikuwa na kutu. Nikaisugua kwa ndimu na mchanga, jinsi mama alivyonifundisha kusugua sufuria, ikang'aa. Kwado akaizungushia utepe wa gundi, akachomeka valvu aliyoikata kwenye mpira mkuukuu, akavalisha tairi, tukamimina maziwa. Kompresa ikanguruma. Tairi likaruka na kukaa kwenye kingo za ringi, pah! pah!, likashika. Nilimkumbatia fundi na grisi yake yote.

"Sasa, vieux," akasema, "hata misumari itakuheshimu."

Patron alikuwa kwenye kiti cha plastiki, simu mkononi. Nikapanda ngazi ya kwanza, ya pili. Sijawahi kuruka vile. Gurudumu lilikuwa jepesi, nami nilishaanza kumwona mke wangu akifungua mabunda aliyoyafunga kwa safari. Ngazi ya tatu nikatua kidogo upande. Nikasikia fyuuu. Nikangoja maziwa yazibe. Nilibaki pale nikirukaruka mahali pamoja, nikiomba, Mungu wangu, ziba, ziba tu, sitakuomba kitu kingine, na tairi likazidi kulegea mpaka ringi ikagonga saruji, nikaanguka kwa ubavu miguuni pake.

"Bon," akasema, macho kwenye simu. "Tutakuita, papa."

Hakuwa amechukua namba yangu.

Kwado alipolifungua tairi, maziwa hayakuwamo. Kulikuwa na donge jeupe, limelala upande mmoja.

"Ringi ulisafisha na nini?"

"Na ndimu."

Akaweka mikono kichwani. "Aa, vieux! Ndimu si asidi? Benye kugema mupira banatiaka asidi juu igande!"

Nilijua. Kila mtu wa huku anajua. Nilimtukana yeye, nikazitukana ndimu na Wazungu wa kwenye simu, kisha nikakaa chini kati ya matairi yake nikalia bila haya.

Nyumbani mke wangu alikuwa kwenye mabunda yake. Aliuona ubavu uliochubuka, akaendelea kukunja nguo za watoto. Asubuhi nilibeba mabunda mimi mwenyewe hadi mtoni, gurudumu begani kwa sababu sikuwa na wa kumwachia. Watoto waliingia kwenye pirogi, mtumbwi wa kuvukia, naye akaingia. Akawasogeza, pakabaki nafasi kwenye ubao.

"Kuya," akaniambia. "Nafasi iko. Ile kitu yako uiache kule."

Mwenye pirogi akauliza kama ninapanda. Moyo wangu wote ulikuwa umeshakaa pale kwenye ubao, kati ya wanangu. Lakini mkono ulioshika gurudumu haukufunguka.

"Piga kasia," nikamwambia.