Hawavuki Nusu

Dilmaya Thapa Magar alikuwa mtu wa kuuliza tangu utotoni, na watu wa mji wa Tansen walishamzoea. Mumewe alikuwa kazini Qatar. Yeye alisomea takwimu mjini Butwal, kisha akarudi kwao milimani, akawa anapata riziki kwa kukusanya maoni ya watu.

Mwaka wa uchaguzi, chama kimoja kilitafuta mgombea umeya. Likatajwa jina la Hastakala, mwalimu mkuu mstaafu. Mwenyekiti wa chama, Dhruba, akaguna.

"Anafaa, sikatai. Lakini watu wa huku wanaokubali kuongozwa na mwanamke hawavuki nusu. Tukimsimamisha tumekwisha."

"Umewauliza, kaka?" akasema Dilmaya, aliyealikwa kwenye kikao hicho.

"Nimezaliwa hapa, dada. Niwaulize nini?"

"Basi nipe mimi hiyo kazi. Ila tukubaliane kabla sijaanza. Tufanye umesema kweli, ni nusu kwa nusu. Nikiuliza watu mia nne, kama mia mbili watasema ndiyo. Bahati tu inaweza kuwapandisha au kuwashusha ishirini hivi. Wakizidi hapo, dai lako tulitupe."

"Na wasipozidi?"

"Nitasema sina ushahidi, na nitanyamaza."

Maneno hayo yalimtoka kwa shida. Hastakala ndiye aliyemfundisha hesabu, na moyoni alimtaka ashinde.

Majina mia nne yakachotwa kwa bahati nasibu kutoka orodha ya wapiga kura wote. Wa sokoni waliulizwa upesi, na wengi wakasema ndiyo. Kamal, mwenzake wa kazi, akatazama vilima na kushika kiuno.

"Dada, tuishie hapa. Si unaona tunashinda? Kule juu watatuharibia."

"Kama watatuharibia, basi ndio ukweli wenyewe. Vaa viatu."

Wakapanda. Mlango wa kwanza, mwanamume mmoja alimwambia arudi nyumbani akapike. Dilmaya akaandika hapana, akashukuru, akaenda zake. Nyumba ya juu yake walimkuta mzee Jhakbahadur akipukuchua mahindi.

"Meya mwanamke? Tangu nivunjike mguu, mke wangu ndiye anayeendesha nyumba hii. Haijabomoka."

"Paa limebomoka!" sauti ikatoka jikoni. "Na paa lilikuwa kazi yako!"

Mzee akacheka hadi punje zikamwagika. "Andika ndiyo, mwanangu, kabla hajatoka."

Kazi ilipoisha, ndiyo zilikuwa mia mbili thelathini na sita. Dilmaya alihesabu mara mbili, kisha akampelekea Dhruba karatasi. Dhruba naye akazihesabu upya.

"Haiwezi kuwa bahati tu?"

"Inaweza, ila kwa nadra sana. Kama kweli ni nusu kwa nusu, ungerudia zoezi hili maelfu ya mara ndipo upate hivi mara chache."

"Kwa hiyo atashinda?"

"Hilo sijasema, kaka. Kumkubali mwanamke si sawa na kumpigia kura Hastakala. Hilo mtalifanyia kazi wenyewe."

Wakamsimamisha, wakalifanyia kazi. Dhruba mwenyewe alipanda vilima akihema, akinywa chai kila nyumba. Hastakala alishinda kwa kura chache.

Siku ya kuapishwa, wanawake wa vilimani walishuka na mashada ya maua. Dilmaya alisimama nyuma kabisa, akapiga makofi mpaka viganja vikamwasha.