Kobe Niliyemtoboa Gamba

Yalinipata mchana, saa nane, sikuwa na homa wala sikuwa nimelala. Naanza na hayo kwa sababu najua utakachoniuliza. Miaka yote hii watu wameniuliza hivyo hivyo, na jibu langu halijabadilika.

Nilikuwa mwalimu wa kike, kijana bado, nimepangiwa shule ya kijiji cha ujamaa upande wa Masanze. Kijiji chenyewe kilikuwa kipya, nyumba zimepangwa mistari kama mahindi, na watu bado wanapotea wakitafuta milango yao. Mimi mtu wa milimani, Malolo, nimesomeshwa na misheni. Huko nilifundishwa kwamba kitu usichoweza kukionyesha, usikifundishe.

Sasa wiki moja nikafundisha habari za kobe. Darasa zima likanibishia. Wote walisikia kwao kwamba gamba la kobe ni nyumba, na akichoka hutoka nje akaota jua, kisha akarudi. Nikawaambia hapana, gamba ni mifupa yake mwenyewe. Hawakuamini. Na Jumatatu iliyofuata mkaguzi alikuwa anakuja kuniangalia nikifundisha, aamue kama nitathibitishwa kazini au nirudi kwetu. Nikaamua: nitawaletea kobe, nitampasua mbele yao, wajionee.

Ijumaa nilikwenda ng'ambo ya mto, kwenye mahame ambako watu waliishi kabla ya kuhamishwa. Nikampata mmoja kwenye magugu, jike kubwa lenye madoa ya njano na meusi. Nilimbeba kichwani kwenye kapu hadi nyumbani.

Nilijua usiku angeondoka. Basi nikaazima keke kwa fundi seremala, kile chombo cha kutobolea mbao, nikamtoboa kwenye ukingo wa gamba, nyuma upande wa kulia. Alitoa sauti, kama mtu anayevuta pumzi kwa meno, akaingiza kichwa. Tone la kitu cheusi likatoka tunduni. Nikasema ni uchafu. Nilisema hivyo nikijua si uchafu, nakiri. Nikapitisha waya, nikamfunga kwenye nguzo nyuma ya jiko.

Jumamosi mvua ikanyesha tangu asubuhi. Mchana huo niliinua macho kutoka kwenye daftari, nikamwona bibi mmoja amesimama barazani. Sikusikia hatua. Alikuwa mfupi, mnene, ameinama, amejifunga kanga mbili zilizopauka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Naomba nikae, mguu wa nyuma hauniendi."

Mguu wa nyuma. Nilidhani amekosea neno. Nikampa kigoda, nikamletea ugali na mboga. Ugali hakuugusa. Alisogeza bakuli, akanyoosha mkono kwenye ungo wangu wa matembele mabichi, akatafuna majani yale taratibu, bila meno. Ungefanya nini wewe? Ni mzee, ni mgeni. Nilimwachia.

Alipomaliza akasema, "Mgongo unaniuma. Una mafuta?"

Nilikuwa na chupa ya mafuta ya nyonyo. Akanigeuzia mgongo, akateremsha kanga.

Niamini, kwanza nilihisi baridi tu. Baridi ya jiwe la mtoni. Halafu vidole vyangu vikagonga kitu kigumu. Ngozi yake ilikuwa imegawanyika vipande, na kila kipande kina duara ndani ya duara ndani ya duara. Nilitaka kuondoa mkono. Lakini vidole vilikuwa vinahesabu vyenyewe: vitano katikati, vinne kushoto, vinne kulia. Vigae kumi na vitatu, kama kwenye picha ya kitabu changu.

Na chini, nyuma upande wa kulia, palikuwa na tundu. La mviringo, safi, limeingia kabisa. Pembeni pana kutu.

Nikasimamisha mkono.

"Usiache," akasema bila kugeuka. "Hapo ndipo panapouma."

Nikuambie ukweli, njia ilikuwa wazi na miguu yangu ilikuwa na nguvu. Ningeweza kukimbia. Lakini mimi ndiye niliyelitoboa lile tundu, na nilijua. Nikasema moyoni, sitoki hapa mpaka mafuta yaishe. Nikaendelea kupaka.

"Jumatatu utakata kuanzia wapi?" akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia.

"Ubavuni," nikasema. Sauti yangu ilikuwa ndogo. "Pale gamba la mgongo linapokutana na gamba la tumbo. Panaitwa daraja."

"Nionyeshe."

Nikamgusa ubavuni.

"Na ukifungua utakuta nini?"

Basi nikafundisha. Nikiwa nimekaa nyuma ya mgongo ule, nimeshika chupa kwa mkono mmoja, nilifundisha somo lote la Jumatatu. Nikamwambia vigae vya juu ni kitu kimoja na kucha. Chini yake kuna mfupa. Nikapitisha kidole katikati nikasema, hapa ndipo uti wa mgongo ulipo, umeshikana na gamba, hautengani nalo. Hizi hapa ni mbavu, zimepanuka zikaungana zikawa paa. Mabega yapo ndani ya mbavu, si nje kama yangu. Kila nilipogusa, alipumua.

"Kwa hiyo hawezi kutoka," akasema.

"Hawezi, bibi."

"Na akitobolewa?"

Nikasema, "Kitabu hakisemi."

"Wewe unasemaje?"

"Anasikia maumivu. Mfupa una damu. Anasikia kila kitu."

Akasema, "Basi somo umeshalijua. Unakata nini tena?"

Nikamwomba radhi. Hakuitikia, aliomba maji tu. Nikaingia ndani kuchota kwenye mtungi, si zaidi ya pumzi kumi. Niliporudi, kigoda kilikuwa kitupu. Sakafu ya udongo ilikuwa kavu, haina alama ya unyayo.

Nikakimbia nyuma ya jiko. Kobe alikuwa pale pale kwenye nguzo. Mvua ilikuwa inampiga, lakini maji hayakushika mgongoni mwake, yalikuwa yanateleza kwa matone. Nikainama. Gamba zima lilinuka mafuta ya nyonyo. Ndani ya tundu pia mlikuwa na mafuta.

Jirani yangu, Mama Zuhura, alikuwa chini ya ukingo wa paa lake anakinga maji. Nikamuuliza kama amemwona mgeni wangu akitoka.

"Mgeni gani, mwalimu? Nimekusikia unafundisha peke yako muda mrefu. Nikasema mkaguzi amekutia hofu."

"Nani aliyekuwa ananijibu?"

Akaniangalia, akaweka ndoo chini. "Hakuna aliyekuwa anakujibu. Ulikuwa unasema, unanyamaza, unasema."

Sikungoja mvua ikatike. Nilikata waya kwa koleo, nikauvuta taratibu, nikaziba tundu kwa nta. Nikamtia kobe kwenye kapu. Mama Zuhura alinizuia, akasema mto umejaa. Nikamwambia nimekwisha amua. Aliponiona sigeuki, akachukua fimbo akanifuata, na ndiye aliyenishika mkono maji yalipofika kifuani. Yule kobe kichwani alikuwa mzito kuliko Ijumaa, mzito kama mtu. Tulimweka pale pale kwenye magugu. Alitoa kichwa, akatembea akiburuta mguu wa nyuma wa kulia, hakutuangalia.

Jumatatu nilisimama mbele ya mkaguzi mikono mitupu. Nilichora ubaoni, nikawaambia wanafunzi wapapase uti wa migongo yao na kuhesabu mbavu, kisha wafikirie mbavu hizo zimeungana. Nikasema gamba linasikia maumivu. Mkaguzi akaniuliza nimelitoa wapi hilo, kwa sababu halimo kitabuni. Nikamwambia nimelishika mwenyewe. Aliandika kitu, sikukiona. Nilithibitishwa kazini, lakini si hilo linalonifanya nikusimulie.

Vidole vyangu vya mkono wa kulia havijapata joto tangu siku ile. Hospitali ya Kilosa walinipima, wakasema damu inapita vizuri. Marehemu mume wangu aliwahi kuniuliza mara moja, nikamweleza, hakuuliza tena.

Baadaye nilihamishiwa Mikumi, na huko ndiko nilikostaafia. Kwenye mkoba wangu huwa kuna koleo. Nikipita uani kwa mtu nikaona kobe amefungwa waya, naingia, naamkia, nakata. Wengine wamenitukana, mmoja alinisukuma nikaanguka. Niliinuka nikaenda kukata.

Wewe unayenisikiliza, kama unaye nyumbani, mfungue leo mwenyewe na umrudishe ulikomtoa. Mimi ni mwanamke mzee tu, nikija nitakata waya niondoke. Lakini si mimi peke yangu ninayeweza kuja.