Upande wa Kushoto wa Usukani

Dada mtu aliporudi na ule usukani kwa mara ya tatu, fundi alimwona tangu anaingia getini akajua siku imeharibika. Hakusimama. Aliendelea kushona kiti cha basi kilichokuwa magotini mwake, akakata uzi kwa meno kwa hasira ambayo uzi haukuistahili, akasubiri.

"Kitindamimba," dada aliita kutoka dirishani mwa gari, hata injini hajazima. "Unateleza."

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Unateleza, nakwambia."

Pale gereji watu wote walimwita fundi huyu Mzee Uzi. Alikuwa na miaka hamsini na minane, wajukuu watatu, na mvi za kutosha kuheshimiwa hata na wasiomjua. Mtu pekee duniani aliyebaki kumwita kitindamimba, tena mbele ya wateja, ni huyu dada yake mkubwa, muuguzi mstaafu, aliyembeba mgongoni akiwa mchanga na ambaye, kwa maoni ya Uzi, hajawahi kumshusha mpaka leo.

Kibanda chake kilikuwa cha mwisho kabisa, kikiegemea ukuta wa nyuma wa gereji, mabati juu na zulia la gari kuukuu chini. Ndani mlikuwa na cherehani nzito ya kushonea viti, meza iliyojaa mikwaruzo ya visu, na viti vya magari vilivyovuliwa nguo zao vikisubiri zamu. Alianza na viatu na mikoba akiwa kijana, akahamia kwenye viti vya magari, na miaka ya karibuni akajulikana zaidi kwa jambo moja: kuvalisha usukani ngozi kwa mkono. Watu walivuka mji kumfuata kwa ajili hiyo. Zile kava za mpira zinazouzwa barabarani, za kuvutwa na kuvalishwa kama soksi, alikuwa hataki hata kuzisikia. Mteja akija nazo, alizivua kwa ncha za vidole viwili na kuzitupa kwenye pipa kabla hajamsalimia.

Kazi yenyewe ilitaka subira ya mtu anayechambua mchele. Kwanza unauzungushia usukani nailoni, juu yake unabandika utepe wa karatasi, unachora, unakata, unapata umbo lake halisi. Umbo hilo unalihamishia kwenye ngozi. Kisha matundu: mia moja na ishirini kila ukingo, yapimwe yalingane, maana tundu moja likikosea mshono wote unakwenda upande. Halafu unalowesha ngozi kidogo, unaivuta iukumbatie usukani, na kushona kwa sindano mbili, uzi wenye nta ukipishana kama kamba za viatu. Gundi hakuna. Ngozi ikikauka inajibana yenyewe, na hapo hata ukiivuta kwa koleo haisogei hata unywele.

Ndiyo maana neno "unateleza" lilimchoma.

Chanzo cha yote kilikuwa nguzo ya geti nyumbani kwa dada. Tangu mwaka uanze alikuwa ameikwangua mara mbili, mara ya pili akiacha taa ya pembeni chini. Binti yake hakumung'unya maneno. Mama, alisema, gari likikwanguka tena linauzwa, na Jumapili nakuja kuliangalia mwenyewe. Dada akaapa kwamba yeye hana kosa, kosa ni la usukani. Plastiki imelainika kwa miaka kumi na minne, inateleza kama sahani yenye sabuni. Uvalishwe ngozi, mambo yataisha. Na Uzi alijua gari lile ni nini kwa dada yake. Kwa gari lile alizunguka kwa wazee wenzake kuwabadilishia bandeji za vidonda, akawapeleka wajawazito wa mtaani kupimwa, akafika msibani kabla ya ndugu wa marehemu. Kumnyang'anya ufunguo ilikuwa sawa na kumfungia ndani na kumwambia atazame ukuta.

Kwa hiyo alimshonea, tena kwa moyo mmoja. Alichagua ngozi ya kahawia aliyokuwa ameiweka kando kwa mteja wa maana, akashona siku nzima. Kesho yake dada akarudi: unateleza. Akafumua mshono wote, akaigeuza ngozi ili upande wa ndani wenye mkwaruzo uwe nje, akashona upya. Kesho yake tena: sasa mwembamba, haushikiki. Akafumua, akatandika sponji chini yake, akashona mpaka vidole vikaota sugu juu ya sugu. Usiku huo alimlalamikia mkewe.

"Mshonee tu," mkewe alisema. "Ni dada yako."

"Nimeshamshonea mara tatu."

"Basi mshonee ya nne."

Na sasa ilikuwa Ijumaa, dada huyu hapa, injini inanguruma, na kesho kutwa ni Jumapili.

"Dada, unateleza wapi? Nionyeshe."

"Kote."

"Kote ni wapi? Kulia? Kushoto? Juu?"

"Nikikata kona, unanitoka. Wewe ndiye fundi, unaniuliza mimi?"

Alikwisha kuteremka na kuketi kwenye kigoda cha wateja, mkoba mapajani, mkono wa kushoto chini yake. Akaanza kumweleza mdogo wake namna ya kushona. Kwamba nyuzi zikazwe zaidi. Kwamba yeye akishona vidonda aliacha nafasi ya nusu kidole, si robo. Kwamba tangu utotoni Uzi alikuwa na haraka, hata kufunga kamba za viatu alifundishwa mara nne. Uzi aliuma meno. Angekuwa mteja mwingine angemwonyesha geti lilipo.

Fundi umeme wa jirani, mtu wa makamo ambaye wote walimwita Betri, alikuwa ameinamia boneti hatua kumi kutoka pale, masikio yote kwa Uzi.

"Mzee," aliuliza bila kuinua kichwa, "chaki ulimpaka?"

Chaki ilikuwa desturi ya Uzi mwenyewe, hakuna fundi mwingine aliyekuwa nayo. Kabla ya mshono wa mwisho, aliupaka usukani unga wa chaki, akamtuma mteja azunguke uwanja wa gereji. Akirudi, mahali mikono iliposhika chaki imefutika, na hapo ndipo Uzi anapoongeza unene au anapopunguza. Hakuna watu wawili wanaoshika sawa. Alishampaka chaki kila mtu, mpaka wenye magari makubwa waliokunja uso kwa kuhofia suti zao. Huyu hakumpaka. Haikumpitia hata akilini. Mikono iliyomwogesha, ikamtandika, ikamfuta kamasi, aanze kuipima ya nini?

"Naijua mikono ya dada yangu," alisema.

Betri akanyanyua mabega akarudi kwenye nyaya zake.

Lakini wazo likamkaa, na ukweli usemwe, halikumkaa kwa wema. Uzi aliona amepata ushahidi. Chaki haisemi uongo. Ingeonyesha kwamba bibi huyu anaushika usukani vibaya, labda kwa vidole viwili kama anavyoshika kikombe, na kwamba ngozi ya watu haina hatia. Angemwonyesha, angemwambia, na kwa mara ya kwanza katika miaka hamsini na minane neno la mwisho lingekuwa lake.

"Dada, zunguka uwanja mara mbili, polepole," alisema akiwa ameinama dirishani mwa gari, akinyunyiza unga mweupe juu ya ngozi ya kahawia. "Halafu urudi hapa."

"Utanichafua nguo."

"Chaki inafutika."

Dada akaondoka akinung'unika. Uzi aligeuka, akarudi kwenye kiti chake cha basi na kumpa mgongo kwa makusudi, ili ajue kwamba watu wana kazi. Alisikia gari likizunguka, likizunguka tena, kisha breki. Akaweka sindano chini na kwenda dirishani, maneno yake ameyapanga tayari.

Upande wa kulia wa usukani chaki ilikuwa imefutika vizuri, alama ya kiganja na vidole vinne, imara, ya mtu anayejua kuendesha. Upande wa kushoto ulikuwa mweupe. Hakuna kidole. Hakuna kiganja. Chini tu, karibu na katikati, palikuwa na alama pana iliyopinda, kama iliyofutwa kwa kitambaa.

Alidhani hajaona sawa. Akamtazama dada yake. Mkono wa kushoto wa blauzi yake ya buluu ulikuwa umejaa chaki kuanzia kifundo mpaka karibu na kiwiko. Kiganja kilikuwa safi kabisa.

"Nini?" dada aliuliza. "Umeona unavyoteleza?"

Uzi alichukua ule mkono wa kushoto, akaufungua kiganja. Ndipo akaona upande wa kidole gumba kovu jipya la kuungua, jekundu bado, kubwa kama kifungo cha koti. Alilibonyeza taratibu kwa ukucha. Dada yake alikuwa akimtazama usoni, akisubiri jibu la usukani. Uso haukukunjamana hata kidogo.

"Hili umelipata wapi?"

"Sufuria."

"Lini?"

"Sijui. Niliona tu ngozi imetoka."

Hasira zote za wiki zilimpanda Uzi kwa pamoja, na safari hii hazikuwa za uzi wala ngozi. Alimkasirikia dada yake, akajikasirikia mwenyewe zaidi. Mara mbili amefumua, mara tatu ameshona. Mara tatu ameketi mbele ya huyu mtu wakibishana nusu kidole na robo kidole, na mkono wenyewe umelala pale chini ya mkoba kama mzigo wa mtu mwingine.

"Tangu lini, dada?"

"Punguza sauti."

"Tangu lini?"

Dada aliangalia mbele, kwenye kioo. "Miezi minne. Ilianza ncha za vidole. Sasa imefika hapa." Alionyesha kifundo kwa mkono wa kulia. "Nikiutazama unafanya kazi kidogo. Nisipoutazama, sijui uko wapi. Na barabarani siwezi kuutazama, si lazima nitazame barabara?"

"Na hospitali wamesemaje?"

Dada akapangusa vumbi la dashibodi kwa mkono wa kulia.

"Dada, wewe ni muuguzi. Miaka thelathini na tano umewafokea watu wanaochelewa kuja."

"Ndiyo maana," dada alisema. "Mimi najua watakachosema. Mama alianza hivi hivi, na vidole. Wewe ulikuwa mbali, uliletewa habari tu. Mimi ndiye niliyekuwa namlisha."

Uwanjani mtu aliwasha pikipiki, ikakataa, akaiwasha tena. Uzi alibaki ameushika ule mkono dirishani, hajui auweke wapi. Alikumbuka alivyofika nyumbani mwaka ule, mama akiwa tayari hawezi kutamka jina lake, na dada huyu huyu akimfokea asilie mbele ya mgonjwa.

"Nishonee tu," dada alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka mpaka Uzi akalazimika kuinama kumsikia. Hakuwahi kusikia dada yake akiomba. "Huko kushoto weka kitu kinene, kama kishikizo, niwe naegemeza mkono. Unaweza. Jumapili ipite salama, basi. Baada ya hapo nitajua la kufanya."

Na Uzi angeweza. Alishaliona tayari kichwani, kipande cha mpira mgumu chini ya ngozi, mshono wa siku moja, na binti mtu angezunguka gari lote asione kitu. Hiyo ndiyo iliyomuudhi kuliko yote, kwamba kazi ilikuwa nyepesi.

"Sishoni," alisema.

"Kitindamimba."

"Sishoni, dada. Ukitaka unifokee, nifokee, watu wote hapa wameshakuzoea. Ukigonga mtoto wa watu na mkono huu, mshono utakuwa wangu."

Alingoja matusi. Alijiandaa kwa yale ya kamba za viatu, ya haraka yake ya utotoni, ya nani aliyemlea. Dada akazima injini, akautoa ufunguo kwa mkono wa kulia, akaufumbata, na Betri akashusha boneti na kusogea.

"Sikwenda hospitali kwa sababu sikuwa na wa kwenda naye," dada alisema hatimaye, akitazama ufunguo. "Mimi ndiye huwapeleka watu. Ningemwambia nani anipeleke?"

Uzi alikwenda kufunga kibanda. Ilikuwa saa tano asubuhi, siku ya kazi, na mwenye basi angekuja mchana kuchukua kiti chake akute kufuli na kutukana. Amtukane. Alimwita Betri ashike usukani awapeleke hospitali, maana yeye mwenyewe alijua kuuvalisha tu, kuuendesha hakuwahi kujifunza. Betri alikaa, akaishika ile ngozi yenye chaki, akausifu mshono wake.

Ndugu wawili walikaa nyuma, Uzi upande wa kushoto. Hawakufika hata barabara kubwa kabla dada hajaanza. Akamwambia Betri anakanyaga breki kama anaua mende. Akamwambia atumie kioo, vioo havikuwekwa kwa ajili ya kuchania nywele. Akamwambia njia aliyoichagua ina foleni. Betri akaitikia ndiyo mama, ndiyo mama, shingo ikizidi kuzama mabegani.

Kwenye mataa walisimama. Dada alibaki na macho mbele, kwenye taa nyekundu.

"Nishike mkono," alimwambia mdogo wake kwa sauti ndogo. "Huu mbovu. Na ukiushika uniambie, maana mimi sitajua."

Uzi alikuwa ameushika tangu getini.