Papasi Kwenye Pindo la Kitenge

Sijawahi kuwa mtu wa kuvumilia uchafu. Nikiona mende jikoni kwangu Tunduma, chakula cha siku hiyo hakinipiti kooni. Kwa hiyo mnielewe nikisema kwamba siku tatu nilizolala chini Kamsamba, kwenye msiba wa baba mkwe, zilinitia kinyaa ambacho mpaka leo hakijanitoka.

Nilikuwa na mimba ya miezi mitano. Msibani wanawake hulala chini, na mke wa mtoto wa marehemu ndiye wa kwanza kutandika mkeka. Nani angenielewa ningeomba kitanda? Sakafu ilikuwa ya udongo, imesiribwa vizuri kwa samadi, ila pembezoni mwa ukuta ilikuwa na nyufa. Humo ndimo walimokaa papasi. Papasi si kama kupe wa ng'ombe, anayeng'ang'ania ngozi mpaka ukamwona. Huyu ni bapa, rangi ya vumbi, ngozi imekunjamana kama harage kavu. Hutoka taa ikizimwa, hunyonya, kisha hurudi ufani na shibe yake. Asubuhi ya kwanza niligeuka nikakuta doa la damu kwenye shuka, na katikati yake ganda lililopasuka. Nilikuwa nimemlalia. Damu ile ilikuwa yangu. Nilikwenda kutapika nyuma ya choo, na waombolezaji wakasema ni mimba tu.

Mama mkwe hakusema hivyo. Aliitazama mikono yangu iliyojaa vipele, akatabasamu kama mtu ambaye mgeni wake amepokewa vizuri.

"Wameshakujua sasa," aliniambia.

Siku ya kuondoka alinifunga kitenge kipya kiunoni. Pindo moja lilikuwa na fundo dogo, gumu.

"Usilifungue, mwanangu. Ni la mtoto. Akizaliwa, nipigie nikuelekeze."

Nilidhani ni mbegu au dawa ya kienyeji. Nilipofika nyumbani nikakitupia kabatini, kati ya shuka zangu safi.

Baada ya wiki moja homa ikanikamata: baridi, kichwa kutaka kupasuka, viungo kama vimepigwa mchi. Zahanati wakapima malaria, hawakuiona, wakanipa dawa ya malaria hivyo hivyo. Siku ya nne nikapona ghafla. Jumapili nilisimama kanisani kutoa shukrani, nikapigiwa vigelegele. Wiki haikuisha, homa ikarudi. Nikapona. Ikarudi tena, na safari hii mtoto hakucheza tumboni kutwa nzima. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Hospitalini, mtaalamu wa maabara, mzee wa makamo, hakuniuliza ninaumwa nini. Aliuliza, "Siku za karibuni umelala wapi, dada?" Nilipotaja sakafu ya udongo akachukua damu upya, akainama kwenye darubini, kisha akaniita nichungulie. Kati ya chembe za damu kulikuwa na vijidudu vyembamba, vimejikunjakunja kama uzi uliofumuliwa kwenye sweta, vinajinyonganyonga. Na vyote vilikuwa ndani yangu mimi.

"Homa ya papasi," alisema. "Wenyeji huwazoea. Mgeni na mjamzito ndio wanaoumia. Dawa ipo, utapona, ila ungechelewa kidogo, huyo wa tumboni..."

Nikiwa njiani kurudi nyumbani nikalikumbuka fundo. Nililifungulia uani, kwa ncha za vidole. Ndani ya pamba kulikuwa na papasi watano. Walikuwa wamesinyaa, nikadhani wamekufa, mpaka pumzi yangu ilipowafikia wakaanza kunyoosha miguu. Waswahili husema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi wangu nilikuwa nimewatunza kabisa, pamoja na shuka za kujifungulia. Nikatupa kitenge chote kwenye jiko la mkaa. Walipasuka mmoja mmoja, na harufu yao ikakaa puani siku mbili. Nilimchukia mama mkwe, nasema wazi. Nilimwita mchawi, moyoni lakini.

Mtoto wetu wa kiume alizaliwa salama. Mama mkwe akapiga simu kabla sijampigia, akanielekeza nifungue fundo na kuwaweka papasi wale chini ya kitanda cha mtoto, wamzoee. Wiki iliyofuata akapiga tena.

"Wale umewaweka chini ya kitanda chake?"

"Nimewaweka, mama."

Uongo ulikuwa mwepesi kuliko ugomvi, na Kamsamba ilikuwa mbali.

Ilikuwa mbali mpaka mtoto alipotimiza mwaka na mume wangu akatupeleka. Mchana ule mama mkwe alitandika mkeka kwenye sakafu ileile, akamweka mjukuu wake katikati, anacheka.

"Mwache atambae. Huyu si mgeni, wanamjua."

Mtoto akaelekea ukutani. Vidole vyake vikaingia kwenye ufa.

"Mama, niliwachoma!" nilipiga kelele. "Wote! Hajaumwa hata na mmoja!"

Nilisubiri matusi. Badala yake aliinuka, akamnyakua mtoto kwa kasi ambayo sikujua kama bado anayo, akampangusa mikono, miguu, mpaka katikati ya vidole.

"Ungeniambia, mwanangu," alisema. "Mimi nililetwa hapa mgeni kama wewe, na mimba kama yako. Homa ikanikuta. Wa kwanza wangu tulimzika pale nyuma, hajapewa hata jina. Wewe nilikuona na vipele bila homa, nikadhani wamekupokea. Ndiyo nikasema, wajukuu wangu nyumba hii iwajue mapema."

Kinyaa changu hakikuisha. Hata sasa ninapoandika, mwili unanisisimka. Lakini mpaka tunaondoka jioni ile, mama mkwe alikaa nje kwenye kigoda, juani, mjukuu mapajani. Kila mtoto aliponyoosha mguu akitaka kushuka, bibi yake aliukamata kwa kiganja, akaurudisha juu, usiguse udongo wa kwake.