Dada, Kunyoosha Nguo

Admin, nifiche jina tafadhali. Kilwa tunajuana, na mama zangu wadogo wako humu humu wanasoma. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na tisa, sijaolewa, naishi Masoko kwa mama. Kazi yangu ni uanamitindo, yaani navaa madera na magauni ya watu, napigwa picha, wenye maduka wanatangazia biashara mtandaoni. Msicheke, hela ipo, na mimi nilianza kabla ya hao wote mnaowaona.

Nina mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, nimwite Zuhura. Alikuja kwetu kutoka Miteja hajui hata kusimama mbele ya kamera, anakakamaa kama anasubiri sindano. Nani alimfundisha kutembea? Mimi. Viatu vya kwanza aliazimwa na nani? Mimi. Na niseme ukweli, kwa sura na kwa urefu hanifikii, hata yeye anajua.

Ila ana utaratibu jamani, mpaka unakera. Kazi ya pili tu, huyo akaenda kuchukua namba ya mlipakodi. Akinunua poda anadai risiti, wigi risiti, anatia zote kwenye kopo la maziwa na kuandika daftarini. Nilikuwa namcheka, "Mwenzetu kampuni!" Ananijibu kwa upole wake ule unaoniudhi, "Dada, ukiwa na risiti wanakutolea gharama zako kwanza ndiyo wanakutoza. Huna, unatozwa kwa kila ulichopokea." Nikamwambia mie nalipwa mkononi, hayo hayanihusu.

Mwaka huu mama mmoja mwenye duka kubwa la magauni Lindi mjini akatafuta mwanamitindo wa mkataba wa mwaka mzima. Alianza na mimi. Akanigeuza mbele na nyuma, akanisifia, mwisho akauliza, "Namba yako ya mlipakodi?" Sina. Kazi akapewa Zuhura. Nilipiga vigelegele na wenzangu, halafu nikaingia chooni nikalia mpaka mama akagonga mlango akidhani naumwa.

Baada ya hapo Zuhura akaniambia, "Dada, uwe unaninyooshea nguo za picha, nitakulipa." Nikakubali, nilikuwa sina kazi nyingine. Asubuhi moja yeye anaoga, mimi nanyoosha gauni lake la zambarau, daftari likawa wazi mezani. Nikasoma: "Poda. Nauli ya Kivinje. Dada, kunyoosha nguo. Pini." Weee! Mimi niliyemfundisha kutembea, leo nimeandikwa gharama, katikati ya nauli na pini! Wivu ukanipanda.

Risiti zile za mashine hazipatani na pasi. Nilijua, maana niliwahi kusahau moja mfukoni mwa gauni, nikaipitishia pasi, ikawa nyeusi tii. Basi nikazitoa zote kwenye kopo, nikazitandaza chini ya khanga, nikapiga pasi. Nikarudia. Nikazirudisha kwenye kopo lake, Zuhura akatoka kuoga, nikamfunga zipu na kumwambia amependeza.

Wiki iliyopita ofisi ya mapato wakamwita na vielelezo vyake. Alipofungua kopo alikaa chini sakafuni. "Dada, ni mimi mjinga, nilikuwa naliacha dirishani linapigwa jua." Nikamjibu, "Pole mdogo wangu, jua la Masoko hili." Haya usoni nilikuwa sina. Wamempa mpaka Jumatatu. Bila risiti atatozwa kwa kila alichopokea, na hela ya kulipa hana. Asipolipa hapati cheti cha kodi, na bila cheti yule mama anavunja mkataba.

Juzi yule mama kanipigia mimi. "Huyo akishindwa nakuchukua wewe, ila uwe na namba." Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilijitazama kwenye kioo nikajiona nimeshavaa.

Jana nimeenda kuchukua namba. Aliyenisindikiza ni nani? Zuhura. Kanijazia fomu yeye, kanieleza nitunze nini na nini. Tukiwa kwenye foleni dada mmoja akamtambua kutoka kwenye picha, akaomba wapige naye, mimi wala hakuniangalia. Roho ikaniuma upya, pale pale, hata baada ya yote niliyomfanyia! Tulipotoka akanishika mkono, macho yamemvimba. "Angalau kazi ibaki nyumbani kwetu, dada. Ningeumia ingeenda kwa mtu baki."

Nikisema, nakosa kazi na ndugu, na mama hatanitazama tena. Nikinyamaza, Jumatatu navaa magauni yake na atakayeninyooshea ni yeye, ameshaniahidi. Wenye kunitukana nitukaneni, nastahili, lakini mkimaliza mniambie nifanye nini. Leo ni Ijumaa.