Boriti ya Nyumba Mbili

Nilikwenda mjini kwa sababu Rahma alinialika, na kwa sababu nilitaka kuona kosa lake. Tulisoma usanifu wa majengo darasa moja, na mimi nilimpita kwa alama. Yeye akapewa kusimamia ukarabati wa nyumba ya hifadhi Mji Mkongwe. Mimi nipo Jambiani kwa mama, kila siku najiuliza ni jibu gani lililoniangusha kwenye usaili wa kazi hiyohiyo.

Saa kumi na mbili asubuhi niliondoka na gari ya mjomba, iliyokuwa ikipeleka mwani mjini. Njia nzima nilijizoeza kutabasamu.

Saa mbili nilifika. Nyumba ina ghorofa tatu, nyembamba, imebanwa na majirani kushoto na kulia, na kila ukuta wa ubavuni unatumiwa na nyumba mbili. Vyumba ni virefu lakini havina upana, maana upana hauwezi kuzidi boriti za mikoko zinazobeba dari. Kuta za mawe na chokaa ni nene hata mtu anakaa dirishani. Nilipapasa chokaa mpya nikitafuta ufa. Sikuupata, ikaniuma.

"Shoga, umekuja kunitazama au kunikagua?" Rahma akacheka.

Akanionesha boriti tatu zilizoliwa na mchwa, kazitia alama ya chaki. Ya tatu ilikuwa na nundu katikati na rangi nyekundu ya zamani. "Hizi mafundi wanazikata baada ya alasiri."

Saa nne jirani, Bi Aziza, alituita kunywa kahawa. Rahma alishughulika na mafundi, nikaenda peke yangu.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Mwenzio hali, hanywi, kazi kugonga kuta tu. Na wewe unafanya kazi wapi?"

"Bado natafuta."

"Basi kula halua. Ukitafuta na njaa utaokota mawe."

Nilipoinua macho darini, nikaona boriti nyekundu imetokeza ukutani, usawa uleule. Ilikuwa ileile ya Rahma, ndefu kuliko nyingine, imepenya ukuta na kubeba nyumba zote mbili.

"Juu pana nini, Bi?"

"Chumba changu. Nikishasali alasiri, ndipo najinyoosha."

Rahma hakuwahi kuingia upande huu. Nikisema, wataona nimekuja kujionesha. Nisiposema, kazi itamharibikia Rahma, na waliompa watatafuta msimamizi mwengine. Nilianza hata kupanga majibu ya usaili. Nikamuaga Rahma, nikamsifia chokaa.

Saa nane mimi na mjomba tulianza kurudi. Tulipofika Kitogani, adhana ya alasiri ikaadhiniwa. Nikapiga simu.

"Rahma, ile boriti ya nundu usiikate. Imevuka mpaka kwa Bi Aziza, analala juu yake."

Nikamsikia akiwaita mafundi washuke. Kisha akarudi kwenye simu.

"Umelijua saa ngapi?"

Ningeweza kudanganya.

"Saa nne."

"Saa nne," akarudia taratibu. "Ukala halua yake, ukanyamaza."

Simu ikakatika. Hajanipigia tena.

Boriti haikukatwa. Nilichojifunza ni kwamba nyumba zile haziwezi kuanguka moja moja. Nilimtakia Rahma aanguke, na katika mawazo yangu yote yale sikumfikiria mtu aliyelala juu.